Jina Jeupe Lililomezwa na Kijani

Macho yangu yamestaafu kabla yangu. Daktari wa hapa mjini aliniambia niache kuchungulia herufi ndogo na kuvuta harufu ya dawa ya kusafishia mashine. Sikuwa nimechoka. Lakini Kirimi, mwenye duka, alisikia maneno ya daktari kabla sijamaliza kuyaeleza, akanishika bega akasema, "Pole sana, Mama Ekai. Afya kwanza." Miaka yote niliyomfanyia kazi ya kuchapa sikuwahi kumsikia akiweka afya kwanza. Basi nimekaa nyumbani, sijafika hata sitini, na nyinyi mliobaki pale mnanitumia ujumbe kila wiki mkiuliza rangi ya maandishi ikikataa mfanye nini.

Naandika, mara moja, msiniulize tena. Nilisoma mpaka darasa la sita, kwa hivyo anayetaka Kiswahili cha mtihani akamtafute mwalimu. Mshahara sitautaja kwa sababu hakuna cha kutaja. Kupandishwa cheo, sikuwahi kuona ngazi pale ndani. Ila majina ya watu nitayataja. Na wao walinitaja mara nyingi nikiwa sipo.

Niliingia kwa Kirimi kama mfagiaji. Duka lilikuwa palepale lilipo sasa, kati ya muuza dawa za mifugo na ile bucha ya nyama ya ngamia, na siku ya kwanza sikujua harufu gani ni ya wino na gani ni ya jirani. Nyuma kulikuwa na mashine ya kuchapa, ileile mnayoitukana leo, inayochapa rangi moja kwa mpigo. Ukitaka rangi zote, karatasi lazima ipite mara nne: sayani ile ya buluu, majenta ile ya pinki, njano, halafu nyeusi. Kila rangi ina pleti yake, bati jembamba lenye picha, na pleti zilikuwa zinatengenezwa Nairobi na kuletwa na basi. Ikipita mara nne, karatasi huhama kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo imenizeesha.

Aliyekuwa anaendesha mashine ni Mzee Baariu, Mmeru wa kule juu, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu hata jua likiwa la kuua. Nilikuwa nafagia chini ya mashine yake akanisimamisha na mguu.

"Wewe mama, weka ufagio. Njoo uone."

Akanipa lenzi ndogo, ile ya kuweka juu ya karatasi na kuinamia.

"Unaona nini?"

"Nukta."

"Za rangi gani?"

"Zote."

"Na ukitoa lenzi?"

Nikatoa. Ilikuwa picha ya bibi harusi, shavu la kahawia zuri.

"Sasa umejua kazi," akasema. "Yale mengine ni kubeba karatasi."

Hakuwa anatania. Nilibeba karatasi miaka mingi sana. Lakini kila jioni alinionyesha kitu kimoja kwa ile lenzi, na kwake nilijifunza kwamba nyeusi ziko mbili. Kuna nyeusi ya wino mmoja, na kuna nyeusi ya wino nne zilizorundikwa. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Kwa mashine yetu, moja ni rafiki na nyingine ni adui.

Adui nilimjua kwenye programu ya mazishi. Familia moja ilileta maandishi tayari kwenye kompyuta yao, picha ya baba na historia yake, kila kitu cheusi, safi. Tukachapa. Herufi zikatoka zimevaa kivuli, upande mmoja pinki, upande mwingine buluu, kama mtu anayesoma akiwa amelewa. Binti wa marehemu alishika karatasi, akaiweka mbali, akaileta karibu.

"Kwani baba aliishi ndani ya maji?" akauliza.

Mzee Baariu akaweka lenzi: maandishi yalikuwa ya wino nne. Karatasi ikihama unene wa unywele tu kwenye kila mpigo, herufi ndogo inakuwa herufi nne. Dawa yake ni kuingia kwenye rangi za maandishi na kuweka nyeusi peke yake kwa mia, zile tatu kwa sifuri. Msiangalie kioo cha kompyuta. Kioo kitawaambia nyeusi ni nyeusi. Angalieni namba.

Aliyekuwa kwenye kompyuta wakati huo ni Mwenda. Huyu mkumbuke jina lake, kwa sababu alituachia ugonjwa halafu akaenda kwao kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwenda hakupenda kuanza kazi upya. Akimaliza kadi ya harusi, haifungi. Anafuta majina, anaandika ya harusi nyingine. Akipata mazishi, anachukua ile ya harusi, anatoa maua, anaweka msalaba. Tangazo la mnada wa mbuzi linazaliwa na programu ya mazishi, na cheti cha shule ya chekechea kinazaliwa na mnada. Pale kwa Kirimi hakuna faili iliyowahi kuzaliwa bila mama. Ukiuliza faili fulani inatoka wapi, unajibiwa kama unavyojibiwa ukiuliza ngamia wa mtu: mama yake ni yule, nyanya yake ni yule mwingine aliyekuwa anapiga mateke.

Kirimi alipenda sana mtindo huo kwa sababu ni wa haraka. Hata siku kadi ya harusi ilipotoka na "Raha ya milele umpe ee Bwana" chini kabisa kwa herufi ndogo, hakubadili. Mjomba wa bwana harusi alisoma, akakunja kadi, akasema, "Si mbaya. Ni maombi." Wengine hawakuchukulia hivyo.

Mwenda akaondoka, akaja Galgalo. Nyinyi hamkumkuta. Galgalo alikuwa kijana wa Garbatulla, amesomea kompyuta chuo kimoja Meru, mrefu, mwenye tabia ya kuongea na kompyuta kama anayemsihi ng'ombe akamuliwe. Wakati huo Mzee Baariu alikuwa amerudi kwao kupumzika na mashine ilikuwa yangu. Tukawa watu wawili wa rangi: yeye mbele, mimi nyuma.

"Sisi watatu tumekamilika," alikuwa akisema. "Mturkana anajua rangi za mbuzi, Mborana anajua za ng'ombe, na Mmeru wetu pale anajua za noti."

Kirimi alikuwa anacheka. Sijui kama alikuwa anasikia.

Kwa Galgalo nilipata majibu ya vitu ambavyo Mzee Baariu alikuwa akivijua kwa mkono tu. Mwalimu wa madrasa aliwahi kuleta vyeti vya wanafunzi. Alikuwa amechagua kijani kwenye simu yake, kijani cha kung'aa, kama majani ya mashamba ya kule Rapsu kando ya mfereji. Vikatoka kijani cha jani lililokaa kwenye vumbi. Alikuja amevibeba kwa mikono miwili.

"Salaam aleikum. Galgalo, hiki ni kijani gani?"

"Aleikum salaam, ustadhi. Hicho ulichoona kwa simu ni taa. Simu inawaka. Karatasi haiwaki."

"Kwa hivyo peponi nitaona kile cha simu?"

"Inshallah, ustadhi. Lakini hapa kwa Kirimi utapata hiki."

Walicheka wote wawili, na Galgalo akampa karatasi ya vijani vyetu vilivyochapwa, achague kwa macho. Hiyo ndiyo dawa: rangi za kioo zigeuzwe kuwa rangi za wino mwanzo wa kazi, na mteja achague kwenye karatasi, si kwenye simu. Mkifanya hivyo mapema mtaokoa maneno mengi.

Tena kuna lile la maandishi yanayokataa kubadilika. Mwalimu mwingine alileta mtihani ulioandikwa kwao, vichwa vyote vya buluu. Unachagua kichwa, unakipaka cheusi, ukigusa mstari kinarudi buluu. Muthomi, mpwa wa Kirimi, alipigana nacho asubuhi nzima akisema kompyuta ina virusi. Haikuwa na virusi. Kichwa kilikuwa kimefungwa kwa staili, yaani amri moja inayoshika vichwa vyote, na staili ndiyo inayosema buluu. Ni kama kumkataza mtoto kitu ambacho mama yake amemruhusu. Nenda kwa mama. Badilisha rangi kwenye staili, watoto wote watafuata.

Huyu Muthomi pia muwekeni akilini. Kirimi alimweka kwenye mashine siku ambazo sikuwepo. Alijua kuiwasha.

Sasa nifike pale nilipokuwa naelekea.

Ilikuwa wakati wa kampeni, ule uliopita. Mgombea mmoja wa wodi ya huko upande wa Merti alitaka posta: uso wake mkubwa juu, na chini mkanda wa kijani wenye jina lake kwa herufi nyeupe. Wakala wake alikuwa anaitwa Roba, mtu wa koti hata kwenye joto la Isiolo hii yetu. Galgalo akatengeneza, akatoa prufu, nakala ya mteja kukagua, kwenye ile printa ndogo ya ofisini, ikatoka vizuri, jina jeupe limekaa juu ya kijani kama shuka mpya. Roba akatia sahihi. Faili ikaenda Nairobi, pleti zikaja.

Pleti zilifika mimi nikiwa msibani Garbatulla, nimeomba ruhusa ya siku chache. Kirimi hakutaka kungoja. Muthomi akachapa kazi yote huku akisikiliza mpira kwenye redio. Mzee Baariu alitufundisha kwamba karatasi ya kwanza iliyopita mara nne inawekwa kando ya prufu, unasoma herufi kwa herufi, ndipo unaendelea. Muthomi hakuiweka kando ya kitu chochote. Kirimi alikuwa amemwambia asiharibu karatasi kwa majaribio. Roba akaja, akapakia mabunda kwenye gari bila kufungua hata moja, akaondoka. Vijana wake wakabandika usiku Korbesa na vijiji vya karibu.

Siku niliyorudi kazini, nilikuta Roba amesimama mbele ya meza ya Galgalo na vijana kadhaa nyuma yake, mlango umejaa. Alikuwa amefungua posta moja juu ya kibodi. Uso wa mgombea unacheka. Chini yake mkanda wa kijani, mtupu, kama malisho mazuri yasiyo na mnyama hata mmoja.

"Soma jina," Roba akasema.

"Halipo," Galgalo akajibu.

"Limeenda wapi? Limeenda kunywa chai?"

Kijana mmoja nyuma akadakia, "Huko Korbesa watu wanadhani ni mtu aliyepotea. Mama mmoja ametupa pole, akauliza alionekana mwisho wapi."

Wengine walicheka, Roba hakucheka. Akamwinamia Galgalo.

"Yule anayeshindana na sisi ni nani kwako?"

"Ni abuyya wangu. Ndugu ya mama."

"Si ndiyo hiyo!" Roba akageukia Kirimi. "Bwana Kirimi, mmesikia. Mjomba wake. Huyu ametoa jina la mtu wetu ili watu wasilijue siku ya kura. Ama umpeleke polisi wewe, ama nimpeleke mimi, ama hawa vijana wafanye wanavyojua."

Nataka mwelewe kilichokuwa mezani hapo. Posta zingeweza kuchapwa tena. Lakini fundi wa kuchapa akishasemwa kwamba anauza majina ya watu, hapa mjini hashiki tena kipanya cha mtu. Nani atampa kadi ya binti yake? Nani atampa cheti? Galgalo hakuwa na shamba wala mifugo ya kutosha. Alikuwa na hiyo kazi na jina zuri, na vyote viwili vilikuwa vinatoka mlangoni.

Akafungua faili. Jina lipo, jeupe, limenyooka. Akatoa prufu nyingine. Jina lipo.

"Unaona?" Roba akasema. "Kwa kompyuta liko, kwa posta haliko. Kwa hivyo mtu amelitoa katikati." Na kweli, prufu iliyotakiwa kumtetea Galgalo ndiyo iliyomkaza kamba.

Mimi nikaenda nyuma. Pleti zilikuwa bado zinaning'inia kwenye misumari. Nikashusha ya sayani na ya njano, maana kijani ni hizo mbili. Hapa nyinyi mliosoma mkae macho. Nyeupe si wino. Hatuna mkebe wa wino mweupe pale ndani, hatujawahi kuwa nao. Nyeupe ni tundu: kijani kinatobolewa umbo la herufi na karatasi inachungulia. Nilipoangalia zile pleti, mkanda ulikuwa umejaa wote, hakuna tundu hata la nukta. Nikazipeleka mbele.

"Jina halikuwa kwenye pleti," nikasema. "Muthomi hakulificha. Hakuliona tu, kwa sababu hakuangalia."

Muthomi akasema yeye si wa kusoma, yeye ni wa kuchapa. Niliacha neno hilo lipite.

Kirimi akafurahi. "Basi ni watu wa Nairobi!" Akawapigia simu mbele ya kila mtu, sauti imefunguliwa. Mtu wa Nairobi akatafuta, akarudi na sauti ya kuchoka. "Bosi, tumetoa kama mlivyotuma. Hatujagusa."

Galgalo alikuwa ameshika kichwa. Nikavuta kiti nikakaa kando yake, tukaongea kama tulivyozoea, kana kwamba wale watu hawako.

"Posta hii mama yake nani?" nikamuuliza.

"Tangazo la mnada. Lile la manjano."

"Na lile jina umeliandika upya?"

"Hapana. Nilichukua lile neno kubwa jeusi, MNADA, nikafuta, nikaandika jina, nikalipaka nyeupe."

"Na mnada mama yake nani?"

Akaniangalia. Halafu akaanza kurudi nyuma kwenye ukoo, faili kwa faili, mnada, mazishi, harusi, mpaka akafika kwenye karatasi ya nyimbo aliyotengeneza Mwenda zamani za Mzee Baariu. Akabofya neno jeusi mle ndani, akafungua kidirisha ambacho sisi hatufungui kamwe. Kulikuwa na tiki.

"Mama Ekai," akasema polepole. "Mwenda aliiambia hii nyeusi ipande juu."

Ngoja niwaeleze kama alivyonieleza. Maandishi yakikaa juu ya rangi yana njia mbili. Yanaweza kutoboa rangi ya chini, yaani panaachwa tundu halafu herufi inajaza. Ama yanaweza kupanda juu, yaani rangi ya chini inabaki nzima na wino wa herufi unachapwa juu yake. Kwa nyeusi, kupanda ni vizuri, kwa sababu karatasi yetu ikihama hapaonekani ufa mweupe pembeni ya herufi. Ndiyo sababu Mwenda aliweka tiki, na hakukosea siku hiyo. Alikosea kuiacha pale bila kumwambia mtu. Tiki ikarithiwa na kila mtoto. Ukichukua herufi nyeusi inayopanda ukaipaka nyeupe, tiki haiondoki. Unaambia mashine: acha kijani chote, halafu juu yake panda na wino ambao haupo. Mashine inatii. Kioo hakionyeshi kwa sababu kioo kinaonyesha rangi ulizochagua. Printa ndogo ya ofisini haionyeshi, yenyewe haijali hiyo tiki. Pleti peke yake ndiyo inasema ukweli.

Kwenye programu kuna mahali pa kutazama pleti moja moja kabla ya kutuma. Galgalo akapafungua. Jina likafutika palepale machoni petu, mkanda ukabaki mtupu. Akatoa tiki. Likarudi. Akaweka, likaenda. Akatoa, likarudi. Vijana wa Roba walikuwa wamesogea mpaka wanapumua kwenye masikio yetu.

"Ebu rudia," mmoja akasema. Akarudia. "Ah! Kumbe ni kamchezo."

Galgalo akageuza kiti. "Mzee Roba, sikutoa jina. Makosa ni yangu kwa kuvalisha herufi ya zamani rangi mpya bila kuikagua. Lakini sikutoa jina la mtu."

Roba aliangalia kioo muda mrefu. Sitamsingizia, alielewa. Nilimwona akielewa. Halafu akamshika Kirimi mkono wakaenda kusimama pale kwenye rimu za karatasi, hatua chache tu kutoka mashine yangu. Hawakunong'ona hata.

"Nimeona," Roba akasema. "Lakini mimi nirudi Korbesa niwaambie nini? Niwaambie ni tiki? Watanicheka. Mheshimiwa ameniamuru nije na mtu."

"Mtu gani?"

"Unamjua. Ukimtoa, nitasema tumempata mwenye makosa na ametolewa. Posta mpya utachapa wewe. Usipomtoa, kazi zote za kampeni zitaenda Meru."

Nikasema kutoka pale nilipo, "Bwana Kirimi, umeona kwa macho yako."

"Mama Ekai, haya si ya mashine."

"Ni ya nini?"

"Rudi kwa mashine."

"Kama unatafuta mtu, aliyechapa bila kuangalia amesimama pale anakula karanga. Na aliyemkataza asijaribu karatasi ya kwanza ni wewe."

Muthomi akaacha kutafuna. Kirimi akanipa mgongo. Alienda mbele akamwambia Galgalo amalize ile faili, aitume, halafu apumzike nyumbani mpaka aitwe. Sisi wote tulijua maana ya kuitwa.

Galgalo hakupiga kelele. Aligeuka kwenye kompyuta. Alitoa tiki kwenye jina, akaangalia pleti zote nne kwenye kioo, akaangalia tena, akatuma Nairobi. Kirimi alikuwa amesimama nyuma yake akigonga funguo kwenye paja. Galgalo akafungua ile karatasi ya nyimbo ya Mwenda, akatengeneza staili mbili, moja ya nyeusi inayopanda, nyingine ya nyeupe inayotoboa, akaziandika majina wazi. Hizo staili mnazotumia mpaka leo mkidhani zilikuja na kompyuta ni zake. Halafu akachukua mfuko wake na chupa ya chai.

"Mama Ekai, pleti zikija, angalia kama zina tundu."

"Nitaangalia."

"Haya. Nagaa," akasema, yaani amani kwa Kiborana.

Aliondoka hivyo. Nilijaribu simu yake baadaye, haikuingia. Watu walisema alirudi kwao Garbatulla. Mjini wengine walisema alipewa pesa na mjomba, wengine walisema alikimbia. Kila mara niliposikia nilieleza habari ya tiki. Hakuna habari inayochosha watu kama ya tiki. Ya mwizi wanaisikiliza mpaka mwisho.

Pleti zikaja, nikaziangalia, nikachapa mwenyewe, zikaenda. Mgombea akashinda. Kazi ikaendelea, kompyuta akapewa huyu, akapewa yule, mpaka mkaja nyinyi.

Mwaka huu, wiki chache kabla sijaacha, yule mgombea alikuja dukani mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiwa na mwili, nilikuwa nimemzoea akiwa karatasi. Kampeni zimeanza kunukia tena na alitaka posta. Alikuja bila Roba, waliachana, sikuuliza kwa nini.

"Nataka ziwe kama zile za kwanza," akamwambia Kirimi. "Zile zenye kijani. Yule kijana aliyechora yuko?"

"Alienda kutafuta maisha," Kirimi akasema.

Niliweka chini rimu niliyokuwa nimeibeba. "Alifukuzwa, mheshimiwa. Kwa ajili ya zile zilizotoka bila jina. Wewe ndiye ulitaka mtu."

Akanitazama kama anayesikia jina la kijiji asichokijua. "Zilizotoka bila jina?"

"Za Korbesa."

"Mama, mimi sikuona posta isiyo na jina. Roba aliniambia zimechelewa kwa sababu ya barabara."

Kirimi akashika kikokotoo akaanza kubonyeza. Hakuna hesabu iliyokuwa imeulizwa.

"Na hukumtuma kuleta mtu?"

"Mtu wa nini?"

Basi nimewaandikia majina yao: Mwenda aliyeacha tiki, Muthomi asiyeangalia, Kirimi aliyejua ukweli akamfukuza mtu hivyo hivyo, na Roba, ambaye alitoa kazi ya mwenzake ili asichekwe barazani. Wakisoma, wasome. Wako hai wote, wanaweza kujibu.

Nilipata namba mpya ya Galgalo kwa dereva anayepeleka miraa Garbatulla. Nilimpigia nikiwa nimesimama nje ya bucha ya ngamia. Alishika, nyuma yake nikasikia mashine ya fotokopi. Alisema ana kaduka, anatoa nakala za vitambulisho na mitihani ya shule. Salamu zilichukua muda, mama, watoto, mvua. Nikamweleza yote, Roba, mgombea, kwamba hakuna aliyekuwa ameagiza mtu. Nilitegemea atukane. Mimi nilikuwa nimeshatukana vya kutosha kwa niaba yake, lakini nilitaka kumsikia.

Mtu upande wake akauliza nakala ni pande mbili au moja, akamjibu pande mbili.

"Mama Ekai," akasema.

"Eeh."

"Zile za mara ya pili. Ulizichapa wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Jina lilitoka?"

"Lilitoka, Galgalo. Jeupe kabisa. Hata pembeni halikuhama."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Haya," akasema. "Ngoja nimalize na huyu mteja."